Muda wa Kusubiri Kuvuka

Nianze na mguu wa dada yangu, maana bila mguu huo nisingekaa hata siku moja juani kuhesabu watu wanaovuka barabara. Dada amenizidi miaka tisa, na ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Alipopatwa na kiharusi, Mungu alimrudishia mkono na ulimi, lakini mguu wa kulia ukabaki mzito, akawa anaukokota. Hakutaka kuonewa huruma. Kila siku saa nane mchana alivaa buibui lake, akachukua mkongojo, akatoka kwenda chuoni kuwasomesha wasichana Kurani. Nyumba yetu iko upande wa Mji wa Kale wa Mombasa na chuo kiko ng'ambo ya barabara kubwa. Katikati kuna njia panda.

Njia panda hiyo haina taa, haina askari, haina hata tone la rangi chini. Hapo hupita mabasi ya bara yanayotafuta kituo cha Mwembe Tayari, malori ya bandari ya Kilindini yanayokwepa foleni, tuktuk, bodaboda, na mikokoteni iliyojaa majora ya vitambaa vya Biashara Street. Kila mmoja ana haki yake mpaka atokee mkali zaidi. Mwenda kwa miguu ndiye pekee asiye na honi. Watu wa pale wana mtindo wao: husimama ukingoni mpaka wawe fungu, kisha mmoja mwenye roho ngumu hunyosha mkono na kutia mguu, na wote humfuata kwa pamoja. Dada alikuwa akingoja fungu. Siku nyingine walimwona wakapunguza mwendo kwa ajili yake, siku nyingine hawakumwona.

Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna ofisi inatafuta watu wa mtaani wenye hati nzuri ya mkono, wa kuhesabu magari na watu pale penye njia panda, nilikwenda kujiandikisha siku hiyo hiyo. Nilikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka kampuni yetu ikafungwa, nikabaki nyumbani nikigombana na redio. Lakini si uchovu wa kukaa bure ulionitoa. Tuliambiwa kwamba hesabu hiyo ndiyo itakayoamua kama patawekwa kivuko cha zebra chenye tuta, la kulazimisha magari yapunguze mwendo. Mimi nililitaka tuta hilo kwa ajili ya mguu mmoja tu.

Aliyetufundisha kazi alikuwa injinia, mwanamke wa bara, wa umri wa kuwa mwanangu. Alikuwa na viatu vya vumbi na sauti ya upole. Aliniita "mzee" tangu salamu ya kwanza, na mimi nikamchukia kidogo kwa hilo, ingawa mvi zangu zilikuwa zikimpa ushahidi. Alituambia kwamba panapokosekana taa, magari na watu huibiana nafasi, na kazi yetu ni kupima nani anaibiwa zaidi. Mwenzangu mmoja, mama wa Rabai, Mkristo, mtu mtulivu asiyependa mzaha kazini, alipewa magari: lini limefika, lini limesimama, lini limeondoka. Mimi nilipewa watu. Mtu akifika ukingoni, nabonyeza saa. Akitia mguu barabarani, nabonyeza tena, naandika sekunde alizosubiri.

"Na mtu akipita sikumuona?" nilimuuliza.

"Usiandike kitu hujaona, mzee. Weka tu kistari. Kistari hakina shida."

Kwake hakina shida. Mimi nimekulia kwenye fomu za bandari, ambako kisanduku kimoja kitupu huzuia kontena wiki nzima, na mwenye mali akaja kukupigia kelele mbele ya wenzako. Miaka yote hiyo mkono wangu haukuwahi kuacha pengo. Karani aliyeacha pengo tulimcheka mpaka akaomba kuhamishwa. Nilimwitikia injinia kwa kichwa, lakini kile kistari chake sikukiamini.

Asubuhi kazi ilikwenda vizuri, na niseme ukweli, nilikuwa na furaha mbaya. Watu walisubiri. Mwanamke mmoja mwenye ndoo ya samaki kichwani alisubiri mpaka nikaitazama saa kama imekwama. Mzee mmoja alitia mguu, akarudi, akatia, akarudi, akavuka mara ya nne. Kila aliyeteseka pale ukingoni nilimhesabu kuwa shahidi wa dada yangu. Nikaandika sekunde zao kwa hati nzuri, nikijiambia kwamba kwa sekunde hizi hakuna ofisi itakayotunyima tuta.

Saa saba na kitu, watu wametoka kuswali adhuhuri, nikasikia tahlili. Jeneza likatokea kwenye kichochoro, limebebwa juu kwa juu, watu wengi nyuma yake. Mombasa jeneza likipita, hata dereva wa basi la bara aliyeshinda akitukana watu huzima injini. Bodaboda walishuka kwenye pikipiki zao. Njia panda nzima ilinyamaza. Kwetu mtu haulizi aliyekufa ni nani, anatia bega, anabeba hatua chache, anampisha mwingine. Mwanamume mzima kukaa kitako na maiti anapita mbele yake ni jambo nisilolijua. Niliweka ubao wangu juu ya jiwe, nikatia saa mfukoni, nikaingia.

Nilibeba, nikapokelewa, nikafuata nyuma mpaka mbali kidogo na kona. Niliporudi nilikuwa nimelowa jasho na moyo umetulia. Kisha nikaitazama fomu. Robo saa nzima ilikuwa nyeupe.

Naweza kueleza nilichofikiri, lakini sitajitetea. Nilifikiri: watu hawa wote wamevuka, na wamevuka kwa miguu. Kadiri wanavyokuwa wengi kwenye karatasi, ndivyo ofisi itakavyoona kwamba hapa ni pahali pa watu, panastahili zebra. Walisubiri muda gani? Hawakusubiri, barabara ilikuwa yao. Basi nikaandika sufuri. Nikaandika sufuri safu baada ya safu, ukurasa ukajaa, nikageuza wa pili. Wengi wao sikuwaona kwa macho, nilikuwa chini ya jeneza nikitazama visigino vya mtu wa mbele. Niliwakisia. Nilipomaliza hapakuwa na pengo hata moja, na nilijisikia nimefanya kazi safi.

Mama wa Rabai hakuwa ameondoka mahali pake. Alikuwa ameyaandika magari yote yaliyosimama, moja moja, na muda yaliokaa. Alinijia na karatasi yake.

"Kaka, hapa pa maelezo, niandike maziko?"

"La, mama. Maiti hatiwi kwenye fomu za barabara. Ni aibu."

Alinitazama, nikaona kwamba hakuridhika. Lakini lilikuwa jambo la dini yangu, naye ni mtu wa adabu, akaiacha nafasi ile tupu. Katika kosa lote hili, sehemu yake ni kwamba aliniheshimu.

Miezi ilipita, tukaitwa ukumbini kusomewa matokeo. Injinia alitia picha ukutani, mistari ya rangi, akaeleza taratibu ili kila mtu afahamu. Alisema kwamba katika njia panda ile wenda kwa miguu hawasubiri sana. Wengi wao, alisema, huvuka bila kusubiri hata kidogo. Magari ndiyo yanayocheleweshwa, hasa saa saba mchana, wakati makundi makubwa ya watu huingia barabarani na kuzuia kila kitu. Kwa hiyo zebra yenye tuta haikupendekezwa, ingeongeza foleni. Kilichopendekezwa ni kuikata kona, kupunguza njia ya miguu, ili mabasi na malori yapate nafasi ya kupinda bila kusimama.

Ukumbi ukaguna. Mwenye duka la vitambaa akasimama akasema hiyo hesabu ni ya uongo, yeye anawaona watu wakisimama mlangoni mwake mpaka miguu inawauma.

"Takwimu zilikusanywa na watu wenu wenyewe," injinia alijibu, bila ubaya wowote. "Tuliwaamini."

Vichwa viligeuka kunitafuta. Nilitazama kucha zangu. Mistari ile ya rangi niliielewa yote, kila sufuri yangu ilikuwa pale ukutani ikivuta chini sekunde za mwanamke wa ndoo na za mzee wa mara nne. Yale magari ya mama wa Rabai yalikuwa kweli tupu, ila hakuna aliyejua kwamba yalisimama kwa heshima. Ningeweza kusimama nikasema. Maneno yalikuwa mafupi: palikuwa na maziko, mimi niliondoka, nimeandika nisiyoyaona. Sikusimama. Niliogopa wenzangu, niliogopa injinia mdogo yule, niliogopa zaidi kuonekana karani mbovu. Mama wa Rabai alikuwa safu ya mbele yangu, na hakugeuka.

Nyumbani dada aliniuliza wamesema nini.

"Bado wanachunguza," nikamwambia.

Kona ilikatwa. Walikuja na mashine, wakabomoa ukingo, wakamwaga lami mpaka karibu na milango ya maduka. Kazi ilikuwa nzuri, siwezi kuisema vibaya. Mabasi yalianza kupinda bila hata kugusa breki. Kwa mwenda kwa miguu barabara iliongezeka upana, na ule mtindo wetu wa fungu ukaharibika. Zamani fungu lilifika ng'ambo likiwa zima. Sasa wenye miguu myepesi wanafika, na wazito wanaachwa katikati.

Dada aliachwa katikati alasiri moja. Mbele yake lilisimama trela, nyuma yake likapita basi, karibu kiasi cha kulivuta buibui lake. Dereva wa trela alimpigia honi, naye hakuweza kwenda mbele wala kurudi. Alisimama pale na mkongojo wake mpaka hamali mmoja alipouacha mkokoteni akaja kumshika mkono. Haya niliyapata kwa yule mwenye duka la vitambaa. Dada mwenyewe alirudi nyumbani kabla ya saa ya chuo kwisha, akaingia bafuni, na nilipofika nilimkuta anaanika buibui na kanga za ndani, na haikuwa siku yake ya kufua. Nilifahamu hofu ilimfanya nini pale katikati ya barabara, naye aliona kwamba nimefahamu. Mwanamke huyu alinifunza mimi kukaa kwa adabu, na sijawahi kumwona ameinamisha uso namna ile. Nilitoka uani nikalia.

Nilimwambia nitamvusha mwenyewe kila siku, kwenda na kurudi.

"Hata lini?" aliniuliza.

Nilimvusha wiki kadhaa. Hakuupenda mkono wangu, alitembea ameukaza, akitazama mbele kana kwamba hatujuani. Kisha nikapata kibarua upande wa bara, siku zangu zikawa si zangu, na siku ya kwanza niliyokosa kumvusha, hakwenda. Siku ya pili alisema mguu unauma. Chuo kilimpa mwalimu mwingine darasa lake. Wasichana walikuja nyumbani kwa muda, watatu, wanne, wakasoma barazani, lakini wao nao sasa ndio waliotakiwa kuvuka, na mama zao wakawazuia. Siwezi kuwalaumu. Baada ya hapo dada alikaa ndani. Alipika, akaswali, akalala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa mgonjwa.

Mwaka uliofuata injinia alinipigia simu. Ofisi ilitaka kuhesabu tena njia panda ile ile, iangalie kona mpya inafanyaje kazi. Alinitaka mimi kwa sababu, alisema, fomu zangu ndizo pekee zilizorudi bila mapengo. Nilikaa kitandani nikamwambia kila kitu: jeneza, sufuri, pa maelezo palipoachwa patupu.

"Mzee, ungeniambia ile siku ya ukumbini," alisema.

"Najua."

"Hiyo ripoti ilishapita na kona imejengwa. Siwezi kuirudisha kwa maneno. Lakini hii mpya ikionyesha watu ni wengi na wanasubiri sana, nitaomba hilo tuta mimi mwenyewe. Njoo uhesabu. Na safari hii uandike ukweli."

Sikupata nguvu ya kwenda kazini kabla ya kumwambia dada. Nilimwambia asubuhi, kwenye chai, naye alikuwa ameniwekea mahamri mawili kwenye kisahani. Nilisema lile tuta nililiondoa mimi kwa mkono wangu. Nikamweleza kwa utaratibu, kama mtu anayetoa ripoti, maana ningesita nisingeendelea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumchukua maiti hukukosea," akasema. "Kuandika usoyaona ndiko ulikokosea."

"Ni kweli, dada."

"Na sasa wataka kuhesabu tena?"

"Wiki ijayo."

"Wahesabu na sisi tusotoka?"

Nilimwambia fomu ni ya wanaofika barabarani tu. Aliondoa vikombe.

Siku ya hesabu nilikuwa mahali pangu tangu saa moja, na mama wa Rabai upande wake. Alinisalimu vizuri, wala hakutaja lililopita. Fomu ilikuwa mpya, na ilikuwa na sharti ambalo la kwanza halikuwa nalo: asiyevuka haandikwi. Mtu akifika ukingoni, akasubiri, kisha akarudi alikotoka, piga mstari juu ya safu yake, haingii katika hesabu. Nilimuuliza injinia sababu, akasema mashine inayokokotoa haiwezi kumpa muda mtu ambaye kusubiri kwake hakukuwa na mwisho.

Nilihesabu kwa uaminifu. Nisiyemwona nilimwekea kistari, na kila kistari kiliniuma, lakini nilikiweka. Kufika saa nne nilikuwa nimekwisha kuona kitu kilichonitia baridi. Watu walikuwa wachache. Mwanamke wa ndoo ya samaki hakutokea, wala wazee, wala mama wenye watoto mgongoni. Waliobaki walikuwa vijana wenye mbio, na vijana hawasubiri, wanaruka. Karatasi yangu ilikuwa na watu wachache na sekunde chache, na safari hii kila neno lilikuwa kweli. Nilijua ukutani mwa ukumbi itasomeka vipi.

Ndipo nikamwona dada yangu anatoka kichochoroni. Hakuwa ametoka tangu mwezi wa Ramadhani. Alikuwa amevaa buibui lake la chuoni na viatu vya kufunga, na alikuja taratibu mpaka ukingoni, mbali nami kidogo, akasimama. Hakunitazama. Nilifahamu alichokuja kufanya. Alikuja kuhesabiwa.

Nilibonyeza saa.

Alisubiri. Fungu la vijana likajikusanya karibu naye, likaenda, akatia mkongojo chini, akaurudisha. Mabasi yalipinda moja baada ya jingine. Nilimwona akihesabu mwenyewe kwa midomo, kama alivyokuwa akiwahesabia wasichana wake mistari ya sura. Mama wa Rabai aliinua kichwa upande wa pili, akamwona, akanitazama. Nilijua anachoniuliza. Ilikuwa hatua chache tu, nimshike mkono, tuvuke. Lakini ningemvusha kwa mkono, asingekuwa mwenda kwa miguu wa kuhesabiwa, na mara ya mwisho nilipoacha mahali pangu ndipo yote haya yalipoanza. Nilikaa. Niliacha kazi kwa ajili ya maiti nisiyemjua hata jina, na dada yangu yu hai hatua kumi kutoka kwangu, nikamkalia na saa mkononi. Saa ilizidi muda wa mtu yeyote niliyempima siku ile, na siku ile ya kwanza. Nikaomba avuke, hata mara moja tu, ili sekunde zake zote ziingie katika hesabu. Lori la kontena likapinda likipitisha magurudumu ya nyuma juu ya ukingo, naye akarudi hatua mbili, akashika nguzo ya duka.

Kisha akageuka. Njia ya kurudi ilimpitisha mbele yangu. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, lakini uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuiona mwaka mzima, raha ya mtu aliyefanya wajibu wake.

"Ushaniandika?" aliniuliza.

"N'shakuandika, dada."

Alitikisa kichwa kuridhika, akashika njia ya nyumbani, akiukokota mguu. Nilingoja mpaka alipoingia kichochoroni. Kisha nikapiga mstari juu ya safu yake, nikairudisha saa mwanzo, maana kijana mmoja alikuwa amekwisha kufika ukingoni.